Bangili mbili za Marekani juu ya meza ya sonara

Nianze na chuma, maana chuma ndicho ninachokijua.

Bangili ya Texas, ya mgonjwa asiyetaka kukandamizwa kifua moyo wake ukisimama, ina gramu 19 kwenye mizani yangu. Ni chuma cha pua, si fedha, ingawa picha ya tangazo iliipa mng'aro wa fedha mpya. Bamba lake lina umbo la yai, mnyororo wake ni wa pete nene zilizobanwa kwa mashine, na kifungo chake ni cha kubonyeza, nilikichukia kabla sijakishika. Maandishi yamechomwa kwa mashine, hayana kina, ukipitisha ukucha huyasikii. Lakini yanasomeka bila miwani, nami miwani yangu ni ya mbili na nusu. Yanasema TEXAS DO NOT RESUSCITATE – OOH. Herufi kubwa, hakuna ua, hakuna mstari wa pambo, hakuna chochote. Dada yangu aliinunua mtandaoni kwa dola 42, ikamfikia Houston kwa posta siku ya tisa.

Ya Ohio haistahiki hata jina la bangili. Ni ukanda wa plastiki angavu kama ule anaofungwa mtoto mchanga hospitali, ndani mna kikaratasi chenye chapa ya jimbo: DNR Comfort Care. DNR ni kifupi cha Do Not Resuscitate ile ile ya Texas, na Comfort Care ni huduma ya kumtuliza mgonjwa tu. Haina uzito wa kupima. Niliiweka kwenye mizani ya dhahabu kwa heshima tu.

Zote mbili ni za dada yangu mkubwa. Nyumbani tunamwita Da Mkubwa, umri wake miaka 71. Zilikaa juu ya meza yangu ya kazi Mkunazini, Unguja, tangu katikati ya Shaabani mpaka Ramadhani kuingia, na siku ya mwanzo tu wateja watatu waliniuliza kama ni hirizi. Mmoja alitaka kujua bei. Miaka 31 nafua fedha na dhahabu hapa mjini, na kabla ya hapo nilikuwa kwa ami yangu Wete nikivukuta moto na kusugua vidani kwa ndimu, na sijapata kuandika maoni juu ya bidhaa ya mtu. Hii naiandika kwa sababu nilitafuta mtu aliyezieleza bangili hizi kwa Kiswahili sikumwona, na wenye ndugu Marekani tuko wengi visiwani humu.

Kazi ya bangili ni moja. Inamwambia mhudumu wa ambulansi: moyo wangu ukisimama na pumzi ikikatika, msinikandamize kifua, msinipige umeme, msinitie mpira kooni, msinirudishe. Hilo neno la mwisho lilitugharimu jioni nzima. Mpwa wangu, kazaliwa Columbus, Ohio, na Kiswahili chake kina mashimo, alisema tafsiri yake ni "msinifufue". Da Mkubwa akakataa katakata: kufufua ni kwa Mola peke yake, tusimpe daktari sifa isiyo yake. Mdogo wetu akaleta "msinihuishe", tukamcheka, maana hicho ni Kiswahili cha taarifa ya habari. Tukabaki na "msinirudishe", na mpaka leo nyumbani bangili ile inaitwa Msinirudishe, kama jina la jahazi.

Kwa nini mtu aitake? Da Mkubwa alifanya kazi miaka 16 katika nyumba ya kulelea wazee mjini Columbus. Alikuwa akiwaogesha, akiwalisha, akiwageuza. Na mara kadhaa alikuwepo chumbani moyo wa mzee uliposimama na watu wakaja mbio. Kifua kinakandamizwa mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kikizama sentimita 5 au zaidi. Mimi nikigonga bamba la fedha kwa haraka yangu yote sifiki kasi hiyo. Mbavu za mtu wa miaka 85, kanambia, unazisikia. Kwa watu wote wanaosimama moyo nje ya hospitali huko Marekani, anayerudi nyumbani akiwa hai ni kama mmoja katika kumi, na hiyo ni pamoja na vijana na wenye afya. Kwa mzee mwenye maradhi matatu hesabu inazidi kuwa ndogo. Sasa moyo wake mwenyewe umepanuka na umechoka, dawa anazokunywa asubuhi zinajaa kiganja.

"Sikusema niuliwe," alimjibu mdogo wetu aliyekuwa mkali kuliko wote. "Nimesema nikishakufa, nisipigwe."

Mambo haya yenyewe ni ya juzi. Njia ya kukandamiza kifua ilitangazwa mwaka 1960 na watu watatu wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore: Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker. Da Mkubwa wakati huo alikuwa mtoto wa chuoni Wete, anajifunza alifu kwa kijiti. Huyo Kouwenhoven nimempenda, kwa sababu hakuwa daktari, alikuwa mhandisi wa umeme. Waliandika kwamba kinachohitajika ni mikono miwili tu, na ndiyo hivyo, kila mwenye mikono miwili akaanza. Ikawa hakuna wa kubagua nani akandamizwe na nani aachwe, hata aliyemalizwa na saratani akifa kitandani alikandamizwa. Mwaka 1974 chama cha madaktari cha Marekani kikashauri kwamba uamuzi wa kutomrudisha mgonjwa uandikwe wazi katika faili lake. New York ikaja na sheria nzima, iliyoanza kutumika 1988.

Lakini faili linabaki hospitali. Mgonjwa yuko jikoni kwake, kaanguka, jirani kapiga simu, ambulansi imekuja na watu wasiomjua. Wao kazi yao ni kuanza. Mkononi mwao hata wosia wa matibabu uliosainiwa mbele ya wakili hauna nguvu, wanataka amri ya daktari kwenye fomu ambayo jimbo limeitambua. Hapo ndipo zilipozaliwa hizi herufi tatu za mwisho kwenye bangili, OOH: nje ya hospitali.

Na hapa ndipo nilipochanganyikiwa mimi, niliyezoea kwamba fedha ya 925, yaani sehemu 925 katika elfu, ni 925, iwe Zanzibar, Muscat au Mombasa. Kwenye jambo hili Marekani si nchi moja. Sheria ya nchi nzima iliyopitishwa 1990 inazilazimisha hospitali kumwambia mgonjwa haki zake, lakini fomu, saini, mashahidi, rangi na bangili ni za jimbo. Oregon, walioanzisha fomu pana zaidi, inayogusa na tiba nyingine, inayoitwa POLST, karatasi yao ni ya waridi linalokutoa macho. New York nao wana ya waridi, wanaiita MOLST. Florida kwa miaka mingi walitaka karatasi ya manjano, yaani mtu akitoa nakala kwenye karatasi nyeupe mhudumu halazimiki kuitii. Nilimwuliza mpwa wangu kama anatania. Akanionyesha.

Ohio wana lao. Amri yao imegawika mara mbili, na mgawanyiko huo ndio uliomponza dada yangu. Ya kwanza, Comfort Care yenyewe, inaanza kazi pale pale daktari anapotia saini. Kuanzia hapo wahudumu wakija watakupa oksijeni, watakusafisha koo, watakulaza vizuri, watazuia damu, watakutuliza maumivu. Hawatakutia mpira, hawatakupa dawa za kuuamsha moyo, hawatakufunga mashine ya kuutazama moyo. Ya pili inaitwa Comfort Care – Arrest: unatibiwa kila kitu kama mtu mwingine, mpaka moyo au pumzi isimame. Hapo tu ndipo amri inapoamka. Kwenye fomu ni visanduku viwili vinavyokaa jirani.

Alichotaka Da Mkubwa ni cha pili. Daktari wa hospitali moja, siitaji, alitia alama cha kwanza. Hakuna aliyeona. Karatasi ikabandikwa kwenye friji kama ilivyoelekezwa, ukanda wa plastiki ukafungwa mkononi, miezi minne ikapita. Siku moja ya baridi akashikwa na kizunguzungu, mpwa wangu akaita ambulansi. Wale vijana wakaona ukanda, wakasoma karatasi, wakampa oksijeni na mto, wakawa wapole mno. Mpwa wangu anauliza mbona hamumpimi moyo? Wanamwonyesha kisanduku. Mtoto akapiga kelele jengo zima likasikia. Da Mkubwa, na hizi ni sifa zake, akavua kinyago cha oksijeni akawaambia kwa Kiingereza chake cha miaka mingi kwamba anaifuta amri hiyo sasa hivi, wampime. Wakampima. Mgonjwa ana haki ya kuifuta kwa mdomo wakati wowote na hakuna anayemwuliza mara mbili. Ilikuwa upungufu wa maji mwilini na presha iliyoshuka. Wiki iliyofuata kisanduku kikabadilishwa.

Kwa hivyo kwenye maoni yangu juu ya bidhaa ya Ohio: ukanda wenyewe hauna kosa. Mwepesi, haumkeri mtu akilala, haupati kutu. Lakini umebeba neno lenye maana mbili, na mtu anayeuvaa awe ameisoma karatasi yake mwenyewe kwa macho yake, si kwa macho ya daktari. Nyota mbili.

Baridi ya Columbus ikamshinda. Akahamia Houston kwa binti yake wa pili, na swali la kwanza likawa: karatasi ya Ohio inasemaje Texas? Jibu la sheria yao ni kwamba wahudumu wa Texas wanaweza kuipokea amri ya jimbo jingine kama hakuna sababu ya kuitilia shaka. Wanaweza. Sisi tuliolelewa na wazazi wa Kipemba tunalijua neno hilo. "Naweza kukununulia baiskeli" si baiskeli.

Wakaandika upya. Fomu ya Texas ina alama ya kusimama barabarani, na ina saini nyingi kuliko mkataba wa nyumba. Daktari anasaini. Mgonjwa anasaini. Mashahidi wawili wanasaini, au badala yao anasaini mtu anayethibitisha saini kisheria, na katika mashahidi hao angalau mmoja asiwe ndugu wa damu wala wa ndoa, wala mrithi, wala mfanyakazi wa daktari. Kisha wote waliosaini juu wanasaini tena chini, kuthibitisha kwamba karatasi imejazwa sawasawa. Mtu mmoja akisahau saini yake ya pili, karatasi ina kasoro. Shahidi wa kwanza alikuwa jirani, mama wa Kimexico anayewaletea tamale, wa pili mwanamke wa msikitini. Kuna sharti pia kwamba fomu haifanyi kazi kwa mwanamke mjamzito. Da Mkubwa alipolifikia hilo alicheka mpaka akakohoa, binti yake akadhani ndiyo ile siku yenyewe.

Nani anaamua mgonjwa asipoweza kusema? Hilo nalo linabadilika ukivuka mpaka. Ohio, mjane kama yeye, wanaanza na watoto wake wazima na wanataka wengi wao wakubaliane. Ana wanne, kwa hivyo watatu. Texas wanataka watoto wazima wanaopatikana. Mimi ndugu yake niko nyuma ya foleni pande zote mbili, na nimeridhika, sitaki kupigiwa simu usiku wa manane kuulizwa swali kama hilo.

Fomu ikishakamilika ndipo mtu anapata ruhusa ya kuvaa bangili. Bila fomu bangili ni pambo. Na maneno yake si ya kubuni: bangili ya chuma au mkufu uwe umeandikwa vile vile nilivyonakili hapo juu, uwe mzima, haujabadilishwa, na utambulikane kwa urahisi.

Sasa turudi kwenye kifungo. Ni kazi mbaya, wallahi. Ulimi wa ndani ni bati jembamba, ukibonyezwa mara mia unalegea. Ulimlegea Da Mkubwa ndani ya ndege kati ya Doha na hapa, bangili ikaanguka chini ya kiti, akaiokota mtoto wa mtu. Kampuni iliyomwuzia, tulipoiandikia, ilijibu kwamba atume bangili kwa posta na alipie usafirishaji. Kutoka Zanzibar! Dada yangu akaniletea imefungwa kwenye leso, akaniambia, "Nitengenezee, lakini usiiguse."

Mteja mwingine angesema hivyo ningemrudishia mali yake. Lakini alikuwa na maana. Haujabadilishwa, ndivyo ilivyo sheria. Nikitia lehemu karibu na bamba joto litaleta rangi ya buluu na kahawia juu ya chuma, na herufi zile zisizo na kina zitafifia. Mhudumu wa Houston aione bangili yenye mabaka, atie shaka, aanze kukandamiza. Yaani uzembe wangu wa Mkunazini unaweza kuvunja mbavu Houston. Niliiacha siku mbili naitazama.

Siku ya tatu nikaona nimetenda busara kubwa: nitamtengenezea nyingine. Fedha safi ya 925, gramu 34, bamba nene, maneno yale yale nimeyachonga kwa mkono kwa patasi ndogo, kina cha kutosha kukaa miaka mia. Pembeni nikazungusha nakshi ya kamba, ile ambayo ami yangu alikuwa akiwatilia maharusi wa Mtambwe, na kifungo cha msumari kisichofunguka hata ukivutwa na ng'ombe. Kazi ya siku nne. Kwa miaka mingi sijatengeneza kitu kizuri kama kile, na nasema hivyo nikijua kwamba mtu hajisifu.

Da Mkubwa akaivaa, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaniambia kwa upole, "Mashaallah. Hii hakuna atakayeisoma."

Sikumfahamu. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Mhudumu ana sekunde chache. Anashika mkono, anatafuta mshipa, jicho lake linapita. Mkono wa mwanamke wa Kizanzibari una bangili, hilo halimshangazi mtu. Fedha, nakshi, kamba: jicho linasema pambo na linapita zake kifuani. Kile chuma kibaya chenye herufi za hospitali ndicho kitakachomsimamisha, kwa sababu hakuna mwanamke angekivaa kwa kupenda. Nikakaa kimya. Miaka 31 nauza uzuri, na nilikuwa nimekitia uzuri kitu ambacho uzuri unakiua.

Mdogo wetu, yule mkali, akaingilia na mzaha wake: bas, angejichora piko kifuani, yakhe, kila mtu ataiona. Mpwa wangu akasema lipo hilo. Kuna mzee wa miaka 70 aliyeletwa hospitali ya Miami hana fahamu, hana ndugu, na kifuani kachorwa tatoo ya maneno hayo hayo pamoja na saini. Kisa chake kilichapishwa 2017 katika jarida la madaktari la New England. Madaktari kwanza wakaamua wasiyafuate, wasije wakafanya jambo lisilorudishika kwa sababu ya tatoo. Wakawaita washauri wa maadili, wao wakasema yafuatwe. Kisha karatasi yake ya Florida ikapatikana, nayo ikasema vile vile, na akafariki usiku ule bila kukandamizwa. Kuna mwingine wa California, huyu kachorwa herufi DNR kwa sababu alishindwa dau la karata, na alipoulizwa akasema anataka kurudishwa kama watu wote. Mdogo wetu hakuleta tena habari ya piko.

Alileta habari ya dini, na hiyo ilikuwa nzito zaidi. Barazani kwetu Jadida, tulipokwenda Wete kufunga kumi la mwanzo, waliketi watu saba na kahawa, na swali likawekwa kati: je, huku si kuitupa roho? Shekhe mmoja wa mtaani, mtu wa makamo asiyependa makelele, alisema tiba ni jambo jema lakini si kila tiba ni lazima kwa kila mtu, na kwamba Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia iliulizwa jambo hili hili. Fatwa yao namba 12086 inasema madaktari watatu mabingwa waaminifu wakikubaliana kwamba kumrudisha mgonjwa hakutafaa, hakuna ulazima wa kufanya hivyo. Akauliza wangapi walimtazama Da Mkubwa. Da Mkubwa akahesabu kwa vidole: wa moyo wa Columbus, wa moyo wa Houston, na yule wa kawaida. Watatu. Shekhe akamimina kahawa. Mdogo wetu hakuridhika, na mpaka leo hajaridhika, lakini aliacha kumwita dada yake mkosa imani mbele za watu.

Na bangili ikiwa hapa kwetu? Sifuri, niseme kweli. Alipimwa presha kwenye zahanati moja, nesi kijana akamshika mkono ule ule, akaisoma, akauliza, "Hii ya Oman bibi?" Hakuna wa kumlaumu. Barua imeandikiwa mtu mmoja, na mtu huyo yuko Texas, kavaa sare, kasomeshwa kuitambua. Kwa wiki saba alizokaa nyumbani, bangili yake ya kweli tulikuwa sisi. Alitukalisha, akatuambia mambo matatu: asikimbizwe hospitali kwa gari usiku kama amekwisha, asomewe Yasini na mtu mwenye sauti nzuri, si mimi, na simu ipigwe Houston kabla ya kutangazwa msikitini, watoto wasije wakasoma habari kwenye kundi la simu. Hakuna saini. Mdogo wetu aliitikia kwa kichwa, na sijui kama moja katika hayo matatu angelitekeleza.

Hakukuhitajika. Alifunga siku 19, akala futari kwa hamu mbaya, akatuchagulia mbaazi, akarudi Houston wiki moja baada ya sikukuu.

Bangili ya chuma niliitengeneza mwishowe. Nilifungua pete ya mwisho ya mnyororo kwa koleo, baridi, bila moto, nikatoa kile kifungo cha kubonyeza nikatia cha msumari cha chuma cha pua nilichokikata kwenye mkanda wa saa mbovu. Bamba sikuligusa hata kwa kitambaa. Mpwa wangu alipiga picha kabla na baada, na akampelekea nesi wa daktari wa Houston, naye akajibu kwamba maneno yanaonekana na mnyororo ni mnyororo. Nimekubali.

Ile ya fedha nilitaka kuiyeyusha kwa hasira. Da Mkubwa hakunipa. Aliniomba nifute maneno tu, nikayasugua kwa tupa mpaka bamba likawa tupu, limepungua gramu tatu, na nakshi ya kamba imebaki inazunguka nafasi isiyo na kitu. Anaivaa mkono wa kulia. Chuma kiko wa kushoto.

Tathmini ya bangili ya Texas, basi. Chuma: nyota tatu, hakimwashi, hakipati kutu kwa jasho la Zanzibar, na kwa hilo nimekishangaa. Maandishi: nyota nne, ningeyataka yawe na kina zaidi. Kifungo: nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu mizani yangu haina sifuri. Bei: ghali kwa gramu 19 za chuma, lakini huwezi kukihesabu chuma hiki kwa gramu. Anayehama jimbo asidhani amebeba ruhusa yake mkononi, aanze upya na daktari wa huko alikohamia kabla hata hajafungua masanduku.

Ukanda wa Ohio aliniachia. Uko kwenye droo ya vipuri, pamoja na ndoana za hereni na vioo vya saa, kikaratasi chake kimeanza kuingia unyevu.

Mwenye bangili kama hizi aliyekatikiwa na kifungo akipita Mkunazini aniulize, wauza viungo wa kona wananijua. Kifungo cha msumari ni shilingi 15,000. Bamba siligusi.